Kiingereza Nilichojifunzia Mlimani

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na uwezo wa kueleza kwa Kiingereza jinsi maji yanavyopenya kuta za seli, lakini sikuwa na sentensi hata moja ya kumwambia mtu anayetembea mbele yangu kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka. Wengi tuliosoma shule za serikali Tanzania tuna historia inayofanana: miaka saba ya shule ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja miongoni mwa mengine, kisha kidato cha kwanza ambako karibu kila somo linafundishwa kwa Kiingereza, angalau ubaoni na kwenye daftari. Kiingereza tulichokipata huko kilikuwa cha kujibu mtihani. Kilikuwa na istilahi nyingi za baiolojia na jiografia, na kilikuwa na sarufi ambayo sina sababu ya kuidharau, kwa kuwa imenifaa sana baadaye. Hakikuwa na mtu anayeomba chumvi, anayekataa chai, wala anayelalamika kwamba kichwa kinamgonga.

Kiingereza cha watu wa namna hiyo nilikikuta Mlima Kilimanjaro. Nimezaliwa Moshi mjini, na kwa kijana wa Moshi asiye na mtaji wala mjomba ofisini, mlima ndio ajira iliyo karibu kuliko zote. Anayeanza huanza kwa kubeba mizigo ya wageni, na wabebaji tunaitana wagumu. Juu ya mgumu yuko weita, anayewahudumia wageni chakula. Juu ya weita yuko msaidizi wa kiongozi. Na juu kabisa yuko kiongozi mwenyewe, mwenye leseni ya hifadhi. Nimepita ngazi hizo zote, na kila moja ilidai Kiingereza chake. Orodha za maneno nilizokuwa nikizikariri hazikunifikisha mbali, na mambo yalibadilika nilipoanza kukusanya sentensi nzima nzima, pamoja na mahali zilipotamkiwa na mtu aliyezitamka.

Mgumu hahitaji maneno mengi. Mzigo wake hupimwa kwenye mzani getini usizidi kilo 20, kisha anaondoka, na kwa kuwa huwapita wageni njiani ili awahi kusimamisha mahema, mazungumzo yake nao ni ya kupishana tu. Lakini hata ya kupishana yana kanuni zake. Shuleni tulifundishwa "How are you?" na jibu lake refu, darasa zima likisimama na kuitikia kwa sauti moja. Njiani sikuisikia sana salamu ile. Waingereza walisema "You all right?", Wamarekani "How's it going?", Waaustralia "How you going?", na kila mmoja wao alikuwa amekwisha kupita kabla mgumu hajapanga jibu. Baadhi ya wenzangu waliichukua "You all right?" kuwa swali la afya, wakadhani wameonekana wagonjwa. Wengine walihitimisha kwamba wazungu ni watu wanaouliza hali bila haja ya kuijua. Sioni kama hukumu hiyo ni ya haki, maana hata sisi tukiulizwa habari za nyumbani hujibu kwanza kuwa ni nzuri, ndipo baadaye, nafasi ikiwapo, tukasema ila mtoto ana homa. Tofauti ni kwamba salamu zetu zina urefu wa kuibeba hiyo "ila". Salamu ya Kiingereza ya njiani ni fupi, jibu lake ni fupi, na hurudishwa palepale: "Good, thanks. You?" Jibu hilo nililishika zima zima kama lilivyo, bila kulichambua, na tangu hapo sikulazimika kusimama katikati ya njia na mzigo kichwani kutafuta la kusema.

Wakati huo nilikuwa na daftari dogo nililolifunga kwenye mfuko usiopitisha maji, kwa sababu ukanda wa msitu hunyesha hata miezi ambayo Moshi mjini ni vumbi tupu. Kurasa zake za mwanzo zilikuwa na safu mbili, neno la Kiingereza kushoto na la Kiswahili kulia. Jioni moja kambini, kiongozi mmoja mtu mzima, ambaye shule yake iliishia darasa la saba lakini wageni walimzunguka kwa mazungumzo kila baada ya chakula, aliniona nikikariri akaliomba daftari.

"Hapa umeandika 'get' ni pata," alisema. "Kesho mgeni akikwambia 'get in', utapata nini?"

"Sijui, mzee."

"Andika alivyosema, kijana. Andika alikuwa wapi, na andika alifanya nini alipomaliza kusema. Maana utaiona mwenyewe."

Kurasa zilizofuata hazikuwa tena na safu mbili. Nilizigawa kwa mahali: getini, njiani, kambini, hema la chakula, usiku wa kileleni. Chini ya njiani, kwa mfano, kuna "Hang on a sec", na pembeni yake nimeandika kwamba ilisemwa na mama wa makamo tulipokuwa tukipanda kuelekea uwanda wa Shira, kwamba alisimama, akafunga zipu ya koti, kisha akaendelea kutembea. Sikuhitaji kamusi kujua kwamba alitaka asubiriwe kidogo. Baada ya kurasa kadhaa kuna "Hang on tight", iliyosemwa kwenye ule ukuta wa mawe wa Barranco, mtu na mkewe wakishikana mikono mahali ambapo njia ni nyembamba. Maneno mawili ya mwanzo ni yaleyale, lakini mmoja alitaka kusubiriwa na mwingine alitaka mwenzake ashike kwa nguvu. Kama ningeliandika neno hilo kwenye safu ya kushoto na "ning'inia" kwenye safu ya kulia, lisingenisaidia kwa yeyote kati ya wawili hao.

Njia hiyo ilinisaidia pia katika jambo ambalo nililiogopa kuliko sarufi, yaani matamshi. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina nyingi zaidi, na masikio yetu huzibana zile nyingi ziingie kwenye zile tano. Njia ya Marangu ndiyo pekee ambayo wageni hulala kwenye vibanda badala ya mahema, kwa hiyo siku nzima husikika "hut", "hat", "heart" na "hurt", na kwa Mswahili anayeanza maneno hayo manne ni neno moja. Nimewasikia wenzangu wakibishana kwenye kambi ya Horombo kama mgeni amesema ameacha kofia au ameacha kitu kibandani. Hakuna zoezi la ulimi lililonifunza kutofautisha upesi kama sentensi zilizoyazunguka. Kofia huja na "put on" au "take off". Kibanda huja na "back to the" au "in the". Moyo huja na kasi, kwa kuwa mtu akiutaja mlimani mara nyingi anasema unadunda mno. Na maumivu huja baada ya kiungo cha mwili. Sikio lilipokwisha kuzoea majirani wa kila neno, ulimi nao ulijirekebisha polepole, ingawa mpaka leo mgeni wa kwanza wa msimu hunilazimisha kurudia neno moja au mawili.

Nilipopandishwa kuwa weita ndipo nilipokaa na Kiingereza uso kwa uso. Weita huwaamsha wageni kwa chai, hupeleka beseni la maji ya moto ambalo mlima mzima, wageni kwa wenyeji, tunaliita "washy-washy", hutandika meza, hupakua, huondoa vyombo na hujibu maswali yote ambayo mgeni anaona aibu kumuuliza kiongozi. Huko nilijifunza kwamba adabu ya Kiingereza imewekwa mahali tofauti na yetu. Sisi adabu yetu imo katika salamu, katika kumwita mtu mama, kaka au mzee, katika sauti, na katika kitenzi chenyewe: mtu mwenye malezi hasemi "nataka chumvi", husema "naomba chumvi". Kiingereza hakina shikamoo wala hakimwiti mgeni asiye ndugu yako dada, kwa hiyo heshima yote imesukumwa ndani ya umbo la swali. "Could I have the salt?" "Would you mind passing the sugar?" "Do you think I could get some more hot water?" Mgeni huyohuyo anayeuliza kwa kuzunguka namna hiyo hategemei uketi ulitafakari swali lake, anategemea maji ya moto.

Sisi nasi tulipozungumza tulionekana wakali bila kukusudia. Mweke weita aliyefunzwa shuleni kwenye hema la chakula, atasema "Sit here", "Give me your plate", "You eat more", na akikumbuka adabu ataongeza "please" mwishoni akiamini ameimaliza kazi. Amri iliyofungwa kwa "please" bado ni amri. Nilichofanya ni kusikiliza namna wageni wanavyoambiana wao kwa wao, nikachukua sentensi tatu zinazobeba karibu kazi yote ya mezani: "Would you like some more?", "Shall I take your plate?" na "Can I get you anything else?" Sikuzijua kanuni za "shall" na "would", na sidhani kama naweza kuzieleza vizuri hata leo, lakini sentensi hizo zilitoka kinywani mwangu zikiwa kamili, na nyuso za wageni zilibadilika.

Majibu yao yalikuwa mtihani wa pili. Mwenzangu mmoja alimuuliza mgeni wa Kimarekani kama ataongeza supu, naye akajibu "I'm good". Mwenzangu alisikia sifa, akamimina. Alipouliza tena akajibiwa vilevile, akamimina tena, mpaka mgeni akafunika bakuli kwa kiganja. Katika hali hiyo "I'm good", "I'm fine" na "I'm all right" zote ni njia za kukataa, na ukitaka kuzitambua usisikilize neno, tazama mkono na sahani. Ndiyo maana nasisitiza kuandika alichofanya msemaji baada ya kusema.

Kuna jambo la hatari zaidi kuliko supu, na ni swali la kukanusha. Kwa Kiswahili, mtu akikuuliza "Hunywi maziwa?" na kweli hunywi, ni sawa kabisa kujibu "Ndiyo, sinywi", kwa maana kwamba alichosema ni kweli. Mwingereza akikuuliza vivyo hivyo anategemea "No". Mezani tofauti hiyo humwagia mtu maziwa asiyoyataka, basi. Lakini kwenye njia ya Machame, mto wa Karanga ndio mahali pa mwisho pa kuchota maji kabla ya kambi ya Barafu iliyo juu ya mita 4,600, na maji yote yanayotumika Barafu hubebwa na wagumu kutoka huko chini. Mgeni anauliza, "So there's no water up there?" Kijana anajibu "Yes", akiwa na maana kwamba hakuna. Mgeni anasikia kwamba yapo, anaimaliza chupa yake njiani, na anafika kambini akiwa mkavu katika mwinuko ambao mwili unahitaji maji kuliko kawaida. Wasaidizi ninaofanya nao kazi sasa nimewazoeza kuacha kabisa "yes" na "no" tupu kwenye maswali ya namna hiyo, na kusema jambo lenyewe: "There is no water at Barafu. Please fill your bottle here." Sentensi hiyo haiwezi kugeuka maana, hata iulizwe vipi.

Nilitegemea Waingereza na Wamarekani waongee lugha moja. Kwa sehemu kubwa wanaongea, ila si katika vitu vya mkononi. Neno letu tochi linamfaa Mwingereza moja kwa moja, lakini Mmarekani huomba "flashlight", au "headlamp" kama ni ya kuvaa kichwani. Suruali ni "trousers" kwa mmoja na "pants" kwa mwingine, na kwa yule wa kwanza "pants" ni chupi, kwa hiyo si neno la kulitumia kwa sauti kambini bila kujua unaongea na nani. Mmarekani anapouliza ilipo "bathroom" hatafuti mahali pa kuoga. Mgeni wa Afrika Kusini akisema atafanya jambo "just now", unaweza kwenda kula na kurudi. Walio rahisi kuelewana nao, nasema hili bila kutaka kumuudhi mtu, ni Wajerumani, Waholanzi na watu wa Skandinavia, kwa sababu nao walijifunza Kiingereza ukubwani au shuleni na wanakitumia bila mapambo. Anayeanza akipata kundi la namna hiyo ashukuru, lakini asidhani amekwisha kufika.

Ngazi ya msaidizi wa kiongozi ilinipeleka kwenye Kiingereza cha ugonjwa, na hapa naomba msomaji anivumilie nikae kidogo. Shuleni nilijifunza "vomit" kuwa ni kutapika, "faint" kuzimia na "continue" kuendelea. Mtu aliyechoka kwenye mita 4,000 hasemi maneno hayo. Husema "throw up", "pass out" na "carry on", yaani vitenzi vifupi vya kila siku vilivyoungwa na kijineno kinachogeuza maana yote. Kijana asiyejua anaposikia "I'm going to throw up" hutazama mikono ya mgeni aone anataka kurusha nini. Vitenzi hivi ndivyo damu ya Kiingereza cha kawaida, navyo havishikiki kwa kutafsiri kipande kimoja kimoja. Vimejaa daftari langu chini ya kichwa cha usiku wa kileleni, na pembeni yake nimeandika rangi ya uso wa aliyesema.

Hata maneno mepesi yana mitego. Mwingereza akisema "I feel sick" mara nyingi ana kichefuchefu. Mmarekani akisema hivyo huenda anaumwa kwa ujumla, na inabidi umuulize anaumwa wapi. "Dizzy" na "light-headed" ni kizunguzungu, lakini la pili hulitumia mtu anayehisi kichwa chepesi kana kwamba atazimia. Muhimu kuliko yote ni tofauti kati ya "pins and needles" na "I can't feel my fingers". Wageni wengi hutumia dawa ya Diamox kuusaidia mwili kuzoea mwinuko, na moja ya athari zake zinazojulikana ni kuchomwachomwa kwenye ncha za vidole. Mgeni wa kwanza, anayehisi sindano sindano, kwa kawaida hahitaji zaidi ya kutulizwa. Wa pili hana hisia kabisa kwenye vidole, na katika baridi ya alfajiri karibu na Stella Point, kwenye ukingo wa kreta chini kidogo ya kilele, hiyo ni dalili ya kushughulikiwa palepale, kwa kubadilisha glavu na kuupasha mkono joto. Msaidizi anayezitafsiri kauli hizo mbili kwa neno moja la ganzi anampa kiongozi wake taarifa isiyofaa.

Kila jioni tunawapima wageni oksijeni kwa kifaa kinachobana kidole, kisha tunawauliza maswali ya fomu iitwayo Lake Louise, kwa jina la sehemu moja ya Kanada: maumivu ya kichwa, tumbo na kichefuchefu, uchovu, kizunguzungu, kila dalili ikipewa alama kuanzia 0 mpaka 3. Fomu ni rahisi, ugumu uko kwenye kuuliza. Mgeni amelipa fedha nyingi, ameaga kazini, pengine anapanda kwa ajili ya kumbukumbu ya mzazi, na anajua kwamba akisema anaumwa anaweza kurudishwa. Ukimuuliza "Are you OK?" atakujibu "I'm fine" hata kama anaona nyota mchana. Kwa hiyo nilijifunza kuacha maswali yanayojibika kwa neno moja, nikakusanya yale yanayomlazimisha mtu kueleza: "How does your head feel compared with this morning?" "What did you manage to eat?" "Show me how much water you've got left." Anapoeleza, sisikilizi maneno tu, nasikiliza kama sentensi zake zimeanza kukatika, kama anatafuta majina ya vitu, kama anarudia. Mtu ambaye jana alizungumza upesi hata nikamwomba apunguze mwendo, leo akinijibu kwa maneno mawili mawili, amekwisha kuniambia jambo.

Sentensi moja inaweza kubadilika kabisa kwa kupanda mita elfu mbili. "I'm done" kwenye hema la chakula maana yake nimeshiba, ondoa sahani. Sentensi hiyohiyo ikisemwa saa kumi alfajiri, mtu akiwa ameegemea fimbo zake juu ya kambi ya Kibo, maana yake nguvu zimekwisha na huenda asitake kupiga hatua nyingine. Nilikuwapo msaidizi mmoja mpya alipomtafsiria kiongozi kwamba "anasema amemaliza", na kiongozi, ambaye alikuwa na miaka mingi mlimani, hakungoja maelezo zaidi. Alirudi nyuma akamvua yule mgeni begi la mgongoni.

Na hapo ndipo nilipolazimika kuiacha ile adabu niliyoihangaikia mezani. Mgeni mwenye dalili za ubongo kuvimba kwa sababu ya mwinuko huanza kuyumba na kuchanganyikiwa. Kipimo chetu ni kumwambia atembee kisigino kikigusa kidole, kwa mstari ulionyooka, na asipoweza dawa ya kwanza ni kushuka, saa hiyohiyo. Ukimwambia "Would you like to go down?" umempa nafasi ya kusema hapana, naye ataitumia, kwa kuwa kilele cha Uhuru chenye mita 5,895 anakiona kwa macho. Ukimwambia "Maybe we should think about going down", utasimama pale ukijadiliana na mtu ambaye akili yake haiko sawa. Kwa Kiswahili tungetumia umri, tungetumia ukali wa kaka mkubwa. Kwa Kiingereza nimeona kinachofanya kazi ni sentensi tulivu ya taarifa, isiyo swali na isiyo amri: "We're going down now. I'm coming with you." Nusu ya pili ndiyo inayomsogeza. Nimeijaribu bila hiyo nusu na mgeni alikaa chini.

Mazoezi yote haya huwa na adui mmoja, nayo ni masika. Kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka Mei wageni ni wachache, vijana wanarudi mashambani au wanashinda vijiweni, na Kiingereza kilichokuwa kikitoka chenyewe mwezi wa pili kinakuwa kizito mwezi wa sita. Vitabu havikunisaidia sana katika kipindi hicho, na redio ilinisaidia sikio tu. Kilichosaidia ni kukaa na wenzangu watatu wanne, mmoja akijifanya mgeni mgonjwa, mwingine mgeni mkorofi asiyetaka uji, mwingine bibi mchangamfu anayeuliza majina ya ndege. Aliye zamu ya kuhudumu hujibu kwa sauti, na akikwama tunafungua madaftari. Wapita njia walitucheka, hasa yule aliyeigiza lafudhi ya Kiskoti, lakini msimu ulipofunguliwa vinywa vyetu vilikuwa tayari. Aibu ndiyo inayowakwamisha wengi wetu kuliko sarufi. Tumelelewa darasani ambako Kiingereza kibovu kilichekwa, kwa hiyo mtu mzima hungoja sentensi ikamilike kichwani ndipo aitoe, na wakati huo mgeni ameshageukia mwingine.

Kuna sentensi mbili ninazompa kila mgumu mpya kabla ya nyingine zote, kwa kuwa zinamnunulia muda wa kujifunza zilizobaki: "Sorry, could you say that again?" na "Let me check with the guide." Ya kwanza inamruhusu kusikia mara mbili. Ya pili inamzuia kuitikia asichokielewa, tabia ambayo sisi huiita heshima lakini mlimani inaweza kumpeleka mtu kwenye njia isiyo yake.

Kilichobaki kunishinda ni utani. Utani wetu hujitangaza: sauti inapanda, mtu anamwita mwenzake mtani, anayetaniwa anajua zamu yake inakuja. Mwingereza hutania kwa uso mkavu. Amelowa tangu geti la Machame, matope yamefika magotini, anatazama juu na kusema "Lovely weather", na kijana aliyejifunza "lovely" kuwa ni nzuri anamtazama kwa huruma akidhani amechanganyikiwa. Anaposema chakula ni "not bad", mpishi huhuzunika wakati amesifiwa. Nimezijua nyingi kwa kuzisikia zikirudiwa, ila kuzijibu kwa wakati wake ni kazi nyingine. Siku hizi, ukungu ukifunika Shira yote na mgeni akasema "Nice view", namjibu "You should see it on a bad day", sentensi niliyoichukua kwa mgeni mwingine aliyemjibu mwenzake palepale msimu mwingine. Hucheka kila mara. Kwa nini inachekesha kiasi hicho sijaweza kuwaeleza wasaidizi wangu, kwa hiyo nao wameiandika kama ilivyo.